Saini ya Mke wa Mabruki

Alhamisi ile karani Hilari alikuja kazini na suti yake ya Pasaka, kwa sababu mtu mmoja alimhakikishia kwamba mshitakiwa mwenye suti hasukumwi ovyo. Koplo Modest Lugembe wa upelelezi alimkuta amekaa wima nyuma ya dirisha la posta ndogo ya Kanyenye, jasho linamtiririka shingoni, na miguuni pake pana leso iliyofungwa mswaki, sabuni na kopo la sukari.

"Mwangaluka, Hilari."

"Mwangaluka, Bwana Koplo. Tunakwenda sasa hivi, au nimalize kwanza kuuza stempu?"

"Tunakwenda wapi?"

"Rumande."

"Uza stempu zako," Modest alisema. "Halafu niletee daftari la mizigo ya bima."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na mji mzima ulikuwa umekwisha kukirefusha. Sonara mmoja wa Dar es Salaam alituma kifurushi chenye bima, ndani yake kidani cha dhahabu. Kilikuwa cha Mabruki bin Abbasi, fundi saa, kijana wa Mtendeni, aliyemwagizia mchumba wake Mwanamkuu binti Feruzi. Nikaha ilikuwa kesho Ijumaa, baada ya sala. Jumatano Mabruki akaenda posta kuuliza kama mzigo wake umefika, na Hilari akamjibu kwa adabu zote, mbele ya foleni nzima, kwamba mkewe alikwisha kuuchukua tangu Jumatatu.

Mabruki hakuwa na mke. Na nyuma yake kabisa katika foleni ile alikuwa amesimama shangazi yake Mwanamkuu, ambaye hakungoja hata stempu aliyoijia.

Kufikia magharibi Mzee Feruzi, baba wa bibi harusi, alikuwa ametamka: mpaka huyo mke aonekane kwa macho, hamwozi mtu binti yake. Na kwa gari la moshi la Ijumaa asubuhi alikuwa anashuka mkaguzi wa posta kutoka Dar es Salaam. Asipokikuta kifurushi wala saini iliyo halali, Hilari hana kazi, na huenda akawa na kesi. Inspekta alimpa Modest siku moja. Harusi moja na karani mmoja, vyote viwili vilining'inia kwenye mstari mmoja wa wino.

Hilari alifungua daftari. Modest hakuligusa kwanza. Alitazama tu, mikono nyuma, kama anavyotazama mtu chungu cha moto.

"Kanuni inasemaje?"

Hilari aliitoa kichwani kama katekisimu. "Kifurushi cha bima hakitoki dirishani bila saini ya mwenyewe, au ya mtu wa nyumbani mwake aliyeleta karatasi ya taarifa. Karani atauliza uhusiano wake na mwenye mzigo, naye atauandika."

"Karatasi ya taarifa aliileta?"

"Hii hapa. Tarishi aliipeleka Mtendeni Jumatatu saa tatu. Anasema alibisha hodi, mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono ukaipokea. Saa nne mwanamke akaja nayo hapa."

"Ukamuuliza."

"Nikamuuliza, 'Wewe ni nani wake Mabruki?' Akasema, 'Mimi mke wa Mabruki.' Nikaandika." Na kweli, pembeni mwa mstari lilikuwapo neno moja, kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni: Mke. Kulia kwake ilikuwapo saini yenyewe, kwa herufi za Kiarabu, imelala chini kwa chini na mkia mrefu mwishoni.

"Uso wake?"

"Alikuwa na buibui, ushungi umeshuka mpaka hapa. Mimi Mkatoliki wa Lusu, Bwana Koplo. Nimwambie mke wa Kiislamu afunue uso mbele ya foleni? Wangenizika bila sanduku."

"Mkono uliuona."

"Niliuona. Ulikuwa na hina, mbichi, hata harufu niliisikia."

"Mkono wa kijana, au wa mtu mzima?"

Hilari alishtuka. "Niangalie ngozi? Mkono wa mke wa mtu!"

Modest alivuta pumzi. Kazi hii ingekuwa nyepesi sana kama watu wasingekuwa na adabu. "Sauti?"

"Nzuri. Sauti ya mtu aliyezoea kuimba."

Modest alikuwa na desturi moja iliyowachosha mashahidi wote wa Tabora: swali moja aliliuliza mara tatu. Mara ya kwanza mtu hujibu alichojiandalia, mara ya pili hukirudia, na mara ya tatu, kwa kuudhika, hukumbuka. Kwa hiyo aliuliza mara tatu yule mwanamke alisema nini. Mara ya tatu Hilari alishika kichwa.

"Aliguna! Nilipomsukumia kalamu aliguna, akasema, 'Siku hizi mna mambo!' Basi. Akaandika, akabeba, akaondoka."

"'Siku hizi'?"

"Ndivyo alivyosema."

Modest aliyaandika maneno yale mawili, akayapigia mstari. Kisha akaanza kuinakili saini. Herufi za Kiarabu hakujua hata moja, kwa hiyo aliichora kama mtu anavyochora ramani ya shamba: hapa kona, hapa kitanzi, hapa nukta, hapa mkia unateremka na kuzunguka. Aliichora mara nane, mpaka mkono ukaikariri.

"Kula chakula chako cha mchana," alimwambia Hilari akitoka na daftari kwapani. "Na vua koti, utazimia."

Kibanda cha Mabruki cha kutengenezea saa kilikuwa nyumba ya nne kutoka posta. Saa zilizotundikwa ukutani zilionyesha nyakati kumi na moja mbalimbali, na mwenyewe alikuwa ameinama katikati yake bila kushika kazi yoyote.

"Una mke?" Modest alimuuliza, bila hata kukaa.

"Ningekuwa naye ningekonda hivi?"

"Una mke?"

"Bwana Koplo, sina."

"Una mke?"

"Sina! Nina mchumba, na tangu jana sina hata huyo! Watu wanasema ni Apolinaria, nesi wa hospitali, kwa kuwa amekuja hapa mara tatu mwezi huu. Amekuja kwa sababu saa yake inakimbia! Nimtengenezee saa kwa barua?"

"Nyumbani kwenu nani anajua kuandika Kiarabu?"

"Baba. Mimi. Dada zangu wawili, lakini Jumatatu tangu alfajiri walikuwa kwa Mzee Feruzi na wanawake wote wa nyumbani, wamepeleka sanduku la nguo. Mashahidi wao ni wanawake arobaini."

"Na bibi yako?"

"Bibi Mwanne hajui kuandika. Na tafadhali, ukifika nyumbani usimtaje mke wala kidani. Tumemficha habari yote. Moyo wake ni wa kizee, magoti hayamchukui hata kufika barazani. Akisikia harusi imeingia dosari, kesho tutazika badala ya kuoa." Machozi yakamlengalenga. "Namtaka Mwanamkuu, Bwana Koplo. Kidani kikipotea nitafanya kazi nipate kingine. Lakini baba yake haniamini tena, na akifunga mlango ule haufunguki."

Modest aliweka kitabu chake mfukoni. Alipenda watu waliosema wanachokitaka, kwa sababu kazi yake ilimkutanisha nao mara chache sana.

Nesi Apolinaria alimpokea kwenye kibaraza cha wodi ya wazazi, beseni mkononi, na alipoelezwa sababu ya safari alicheka mpaka beseni likaanza kulia.

"Mimi, mke wa Mabruki? Na mume mwenyewe saa yangu tu imemshinda!"

"Jumatatu saa nne ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nilikuwa napokea mapacha. Wa kwanza alitoka saa tatu na nusu, wa pili akatuweka mpaka saa tano. Muulize mama yao, yule pale, ametufokea sote kwa majina."

Mama wa mapacha aliinua mkono kitandani kuthibitisha.

"Andika jina lako hapa," Modest alisema. Apolinaria akaweka beseni chini, akashika penseli kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa herufi za Kizungu zilizolala nyuma. Kisha akamnyoshea mikono yote miwili, mbele na nyuma, misafi, kucha zimekatwa mpaka nyamani.

"Hina tunakatazwa," akasema. "Matroni anasema inaficha uchafu. Mwambie Mabruki saa yangu bado inakimbia nusu saa, na ole wake asinialike."

Modest alifuta jina lake katika orodha. Lilikuwa jina pekee katika orodha ile, kwa hiyo alibaki na ukurasa mweupe.

Mchana jua likiwa kali alifika kwa Mwalimu Lukumani, aliyesomesha chuo cha Kurani katika ua wa nyumba yake huko huko Kanyenye. Watoto walikuwa wamekwenda kula. Mwalimu alikuwa anaosha mbao zao za kuandikia, maji meusi yanamtiririka mikononi. Modest alimwamkia, akamwonyesha daftari, aliloazimwa na posta kwa hati ya Inspekta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hili Feruzi amekwisha kulisoma, na Abbasi amelisoma, na wamekaribia kushikana mashati. Limeandikwa, 'Nimepokea. Mke wa Mabruki.' Unataka nisome jingine?"

"Nataka ulisome lile ambalo wao hawakulisoma."

Mwalimu alimtazama kwa mara ya kwanza kwa makini. Akakausha mikono, akavaa miwani, akasogeza daftari mpaka likagusa ndevu. Aliufuata mstari kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akaanza kutabasamu.

"Neno hili, 'nimepokea'. Yeye kaandika 'nimebokea'."

"Kakosea?"

"Hakukosea hata kidogo. Herufi za Kiarabu hazina 'pa', maana Waarabu hawana sauti hiyo. Wazee wetu zamani walitumia 'ba', nukta moja chini, wakamwachia msomaji afahamu mwenyewe. Mimi nafundisha kutia nukta tatu chini, iwe 'pa' kamili. Na anayesahau anasimama juani. Tangu mwaka Mwingereza alipoingia mji huu, watoto wote wa Kanyenye na Mtendeni, wasichana kwa wavulana, wamepita katika ua huu. Aliye chini ya miaka arobaini na mitano atatia nukta tatu hata usingizini."

"Na asiyetia?"

"Alisoma kabla yangu." Mwalimu aligonga karatasi kwa ukucha. "Na huyu hakusomea chuoni. Ona mkia ulivyovutwa. Huu si mkono wa Kurani, huu ni mkono wa safari. Wafanyabiashara wa njia ya Ujiji waliandika hivi, karatasi juu ya goti, mpagazi amesimama anangoja. Nilidhani mwandiko huu umekwisha kuzikwa na wenyewe."

Modest alishukuru, akatoka. Alitembea hatua kama ishirini akielekea Mtendeni, akisema polepole midomoni. Hina mbichi. Sauti ya kuimba. Siku hizi mna mambo. Nukta moja. Mke wa Mabruki.

Akasimama katikati ya njia.

Alimkumbuka bibi yake mwenyewe kule kijijini, mama yake baba. Bibi yule hakumwita Modest kwa jina hata siku moja. Alimwita mume wangu. Alimnyima ugali kwa sababu "mume wangu hajaniletea tumbaku", na siku Modest alipoleta habari za kuoa alijilaza mlangoni akasema hapiti mwanamke mwingine juu ya maiti yake, mpaka akapewa blanketi. Ukoo wote ulimcheka, na yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Koplo Modest alicheka kwa sauti, peke yake, juani. Mwuza karanga mmoja akamuuliza kama ameokota kitu.

"Bado," alisema, "lakini najua kilipo." Akanunua karanga kwa furaha, akashika njia.

Nyumba ya Abbasi ilikuwa nusu harusi nusu matanga. Uani wanawake walichagua mchele bila kuimba. Barazani alikaa Mzee Abbasi, baba wa bwana harusi, ametazamana na Mzee Feruzi, na kati yao kahawa iliyopoa. Mabruki alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai.

Modest aliwaamkia wazee, akakaa, akafungua kitabu.

"Mzee Abbasi, nyumba hii ina Mabruki wangapi?"

"Mmoja. Ndiye huyu, na anatosha."

"Imekuwa na wangapi?"

Abbasi alikunja uso. "Wawili. Marehemu baba yangu aliitwa Mabruki. Kijana tulimpa jina la babu yake."

"Jumatatu asubuhi, wanawake walipokwenda kwa Mzee Feruzi, nani alibaki humu?"

"Hakubaki mtu. Nyumba ilikuwa tupu."

"Nani alibaki?"

"Nimesema tupu!"

"Nani alibaki, Mzee wangu?"

"Alibaki mama tu, amelala..." Abbasi alikoma. Kikombe kikamgonga kwenye kisahani. "Haiwezekani. Mama yangu hajui kuandika."

"Uliwahi kumuuliza?"

"Sijamwona akishika kalamu tangu nizaliwe!"

"Uliwahi kumuuliza?" Modest alirudia, na safari hii hakungoja mara ya tatu. Alisimama. "Nipelekeni kwake."

"Moyo wake..." Mabruki alianza.

"Moyo wake uko imara kuliko wako," Modest alimwambia. "Twende."

Bibi Mwanne alikuwa katika chumba cha nyuma. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho yaliyochangamka, na mikono yake miwili ilikuwa myekundu kwa hina mpaka vifundoni. Alikuwa amekaa juu ya kasha la mninga lenye misumari ya shaba, ungo wa mchele mapajani, anaimba chini chini.

"Shikamoo, bibi," Modest alisema.

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa. Nawangoja tangu Jumatatu."

Abbasi aliegemea ukuta. "Mama! Ulikwenda posta?"

"Nilikwenda."

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti yangu huuma pakiwa na kazi. Hii haikuwa kazi."

Mabruki alipiga magoti mbele yake. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Bibi alitupa jicho kwa wote. "Tangu jana kila nikitokea mnanyamaza. Mnaniletea uji. Huyu ananishika mkono, yule ananipepea. Nikasema, kumbe wenzangu wananiandalia kufa, nami nina harusi kesho! Na wewe." Akamwelekezea mjukuu kidole chekundu. "Wewe mume wangu unaoa mke wa pili. Mke mkubwa niko hapa nimekaa, hukuja hata kuniomba ruhusa. Tarishi akaniletea karatasi mkononi, akaniambia posta kuna mzigo wa dhahabu wa Mabruki. Nikasema vema. Nitaukalia, mpaka ajifunze kuomba."

Akainuka kidogo, akapigapiga kasha.

Aliyeanza kucheka ni Mzee Feruzi. Alikuwa amesimama kizingitini na uso wa hukumu, na uso ule ukamvunjika wote kwa mara moja. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya mlango. "Nimevunja harusi," alisema akipata pumzi, "nimemtukana Abbasi, nimekesha bila usingizi, kwa sababu ya mke wa miaka sabini na tano!"

"Sabini na tatu," Bibi Mwanne alisema. "Na usinifedheheshe mbele ya mume wangu."

Habari ikafika uani kabla mtu hajaipeleka, na vigelegele vikapasuka huko. Mabruki alikuwa ameinamisha kichwa mapajani mwa bibi yake, mabega yanatikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia. Alikuwa anafanya yote mawili.

Modest alingoja vipungue. Alikuwa na swali moja bado, na uso wa kazi ulikuwa haujamtoka.

"Bibi, umeandika katika daftari la serikali. Karani alikuamini. Sasa anangoja kufungwa, amevaa suti. Kwa nini uliandika uongo?"

Bibi Mwanne aliacha ungo. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani usoni.

"Uongo upi, mwanangu? Niliandika mke wa Mabruki. Mimi ni mke wa nani?"

Akaikunja mikono yake ya hina mapajani.

"Gari la moshi lilikuwa halijafika mji huu," alisema. "Mume wangu alikuwa anachukua chumvi Uvinza, anavuka Malagarasi, anafika Ujiji, miezi mitano simwoni. Akasema hawezi kungojea habari zangu midomoni mwa wapagazi, watazichanganya. Basi kila akirudi ananifundisha herufi, usiku mbili, usiku tatu, karatasi juu ya goti. Hatukumwambia mtu, mama mkwe angesema namwandikia nani. Nikaandika barua, nyingi. Wapagazi walizifunga ndani ya vilemba vyao, hakuna aliyetia saini, hakuna aliyekata bima, na haikupotea hata moja. Mwisho wa kila barua niliandika maneno yale yale, mke wa Mabruki. Tangu afe, huu mwaka wa kumi na nne, sijashika kalamu. Nimwandikie nani? Jumatatu nimefika pale dirishani nikiwa na mzaha wangu, yule kijana akaniuliza, 'Wewe ni nani wake Mabruki?' Hakuna aliyeniuliza hivyo siku nyingi. Mkono ukaandika wenyewe."

Mzee Abbasi alifuta macho kwa mkono wa kanzu bila kuona haya. Alikuwa na miaka hamsini, na ndiyo kwanza anapata habari kwamba mama yake alikuwa na barua.

"Basi niombwe," Bibi Mwanne alisema, akiokota tena ungo na sauti yake ya kwanza. "Kanga doti mbili, na mimi nianze kuimba kabla ya mtu yeyote."

Mabruki aliomba. Aliomba kwa goti moja, akaambiwa haitoshi, akaomba kwa mawili. Kasha likafunguliwa.

Kifurushi kilikuwa kimefungwa kama kilivyotoka Dar es Salaam. Modest alikigeuza mwangani, akahesabu mihuri ya lakiri: mitano, myekundu, yote mizima. Mabruki alinyosha mkono. Modest akakiondoa.

"Hapana. Mzigo haujapokelewa. Unarudi dirishani, unatoka upya, kwa saini."

Kwa hiyo walikwenda posta, na hakuna aliyekubali kubaki. Bibi Mwanne alitangulia na kifurushi kichwani, magoti yake yakiwa mazima kabisa, wanawake nyuma yake wanapiga vigelegele, wazee wawili wameshikana mikono, na kutoka kila nyumba ya Kanyenye watu wakaongezeka. Hilari alipoona umati unamjia na polisi katikati yake, alifunga vifungo vya koti, akaokota leso yake yenye sukari, akatoka nje mwenyewe na mikono mbele.

"Rudi ndani," Modest alimwambia, akimrudishia daftari. "Yeyusha lakiri yako, kama itahitajika. Pima mzigo."

Hilari alikipima. Uzito ulikuwa ule ule ulioandikwa Jumatatu, hata kidogo haukupungua. Alifuta kwa mstari mmoja ulionyooka ule upokezi wa kwanza, akaandika juu yake, Umerudishwa, akafungua mstari mpya. Mabruki bin Abbasi akatia saini kwa mwandiko mzuri wa fundi. Kidani kikawa chake, na mlango wa Mzee Feruzi ukawa wazi, maana Mzee Feruzi mwenyewe alimpokonya kifurushi akambusu kichwani mbele ya watu.

"Bado moja," Hilari alisema. Kanuni zilikuwa zimemrudia pamoja na roho yake. "Aliyeurudisha mzigo lazima aandike. Jina lake mwenyewe, bibi. Mkaguzi akija kesho nimwonyeshe kwamba kila mtu ameandika yaliyo yake."

Akamsukumia daftari na kalamu, taratibu safari hii, kwa mikono miwili.

Bibi Mwanne alifunua ushungi wake, akakaa kwenye kiti alicholetewa, akaweka daftari juu ya goti. Kalamu ilikwenda kutoka kulia, polepole, ikazunguka, ikavuta mkia mrefu, ikanyanyuka. Alipuliza wino ukauke, akarudisha daftari.

"Umeandika jina lako, bibi?" Hilari aliuliza. Yeye hakuweza kusoma.

"Nimeandika jina langu."

Hilari alimgeukia Koplo. Modest aliinama kwenye ukurasa. Hakujua hata herufi moja ya maandishi yale, lakini kona ile aliijua, na kitanzi kile, na nukta zile, na mkia ule ulioteremka na kuzunguka. Alikuwa ameuchora mara nane.

Alimtazama Bibi Mwanne, na Bibi Mwanne akamtazama.

"Ndilo jina lake," Modest alisema. "Gonga mhuri, Hilari."

Hilari akagonga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akavua koti.